Baraza na Hospitali: Nani Alisimamia Tiba Jinja na Mbale?

Miaka michache iliyopita mwenyekiti wa kamati ya kituo kimoja cha afya, kisicho mbali na mji wa Mbale, aliniomba nimwandikie tangazo kwa Kiswahili. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Liliwaalika wananchi waje mkutanoni kupendekeza majina ya watu watakaoingia katika kamati mpya. Nilichukua kalamu, nikaandika mistari miwili ya kwanza bila taabu, kisha nikakwama. Watu hao niwaiteje? Wasimamizi, wakaguzi, au waangalizi?

Sisi walimu wa lugha twajua kwamba maneno haya hayafanani, ijapokuwa magazeti huyachanganya. Msimamizi ana amri. Akisema jambo lifanyike, hufanyika, na lisipofanyika yupo wa kuulizwa. Mkaguzi huja, huhesabu, huandika, kisha huondoka na daftari lake, na amri hutolewa mahali pengine. Mwangalizi hutazama. Nilimwuliza mwenyekiti ni neno lipi kati ya hayo matatu linalofaa. Alicheka, akasema: "Mwalimu, andika wasimamizi. Lakini ukweli ni kwamba sisi tunaangalia tu."

Makala haya yalianza siku ile. Ningependa kueleza, kwa njia ya historia, jinsi wakazi wa Jinja na Mbale pamoja na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo walivyopewa sauti katika mambo ya tiba, wakanyang'anywa, wakapewa tena kwa kipimo kingine. Nimeichagua miji hii kwa kuwa ninaijua: Jinja ndiko nilikosomea ualimu, na Mbale ndiko ninakofundisha. Tena katika kila mmoja wa miji hiyo ipo hospitali kubwa ya serikali, nayo, kama tutakavyoona, imekaa katikati ya mji huku ikiwa nje ya mkono wa baraza la mji.

Historia ya tiba ya serikali katika sehemu hizi ilianza kwa amri, wala haikuanza kwa mashauri. Mwaka 1901 madaktari wamisionari wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, walitambua kwamba ugonjwa wa malale umeingia nchini. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwa vya Ziwa Viktoria. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waliokuwa wakikaa ufukoni wahamishwe hadi umbali wa maili mbili kutoka majini, mbung'o wasiwafikie. Kwa upande wa elimu ya ugonjwa amri hiyo ilikuwa na maana. Lakini wavuvi na wakulima wa Busoga hawakuulizwa waende wapi, wala wale nini watakapofika huko. Machifu waliletewa amri, machifu wakaitekeleza.

Mkuu wa baraza la machifu wa Busoga katika miaka hiyo, kuanzia 1906 hadi 1913, alikuwa Semei Kakungulu, Mganda yule yule aliyekuwa ameujenga mji wa Mbale miaka michache kabla. Hivyo mtu mmoja anaiunganisha miji yetu miwili tangu mwanzo. Aliporudi Mbale, akiwa amevunjika moyo na Waingereza, Kakungulu alijiunga na madhehebu ya Bamalaki, ambao waliitafsiri Biblia kwa namna yao na kukataa dawa za hospitali na sindano za chanjo. Baadaye, mwaka 1919, aliachana nao na kushika dini ya Kiyahudi, na jamii aliyoianzisha ingalipo karibu na Mbale. Wanahistoria wengi hulieleza suala la Bamalaki kama jambo la imani tu. Mimi naliona pia kuwa ni jibu la watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kusemea. Tiba ilipokuwa amri, aliyetaka kupinga utawala alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kuukataza mkono wake usichomwe sindano.

Mambo yalianza kubadilika pale wananchi walipoanza kulipia huduma kwa kodi zao wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ilianza kueneza zahanati ndogo katika masaza, na utawala wa wenyeji ulihusishwa katika kuzijenga na kuzitunza. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya serikali za mitaa za Waafrika, na mwaka 1955 ikafuata sheria nyingine iliyoyapa mabaraza ya wilaya madaraka makubwa zaidi, zikiwamo shule za msingi na zahanati za vijijini. Diwani wa Busoga au wa Bugisu sasa aliweza kusimama barazani na kuuliza kwa nini zahanati ya saza lake haina dawa, na aliyeulizwa alikuwa mwajiriwa wa baraza lile lile.

Nisiipambe enzi hiyo kupita kiasi. Madiwani waligombea zahanati kama walivyogombea barabara, kila mmoja akiivutia kwao, na ukoo wenye watu wengi barazani ulipata zaidi. Katika wilaya jirani ya Bukedi watu walifanya ghasia mwezi Januari 1960 kwa sababu ya kodi na namna machifu walivyoikadiria. Lakini hata ghasia zile zinaonyesha kwamba mlipaji alijua fedha zake ziko kwa nani. Hakuhitaji kwenda Kampala kumtafuta.

Mbale yenyewe ilikuwa na kisa chake. Wagisu walisema mji ni wao. Watu wa Bukedi, ambao makao ya wilaya yao yalikuwa papo hapo, walisema ni wao pia. Ugomvi haukuisha, na nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 katiba iliitaja Mbale peke yake kuwa eneo lisilo la upande wowote, mbali na wilaya zote. Msomaji wa leo anaweza kulicheka jambo hilo. Lakini mgonjwa aliyetoka Pallisa na mgonjwa aliyetoka Bududa walipolala katika chumba kimoja cha hospitali ya Mbale, hapakuwa na baraza moja ambalo wote wawili waliweza kulipelekea malalamiko yao. Nadhani hapo ndipo mbegu ya neno "rufaa" ilipopandwa: hospitali ya watu wengi mno kiasi kwamba haina mwenyewe.

Serikali ya uhuru ilifanya kazi kubwa ya kujenga. Katika miaka ya sitini zilipangwa hospitali 22 za vijijini, kila moja ikiwa na vitanda 100, na majengo yake, yanayofanana kama mapacha, bado yanatumika mpaka leo. Atutur na Busolwe ni miongoni mwake. Hata hivyo katika miaka hiyo hiyo madaraka yalikuwa yakipanda juu. Sheria ya tawala za mitaa ya mwaka 1967 iliyafanya mabaraza ya wilaya kuwa matawi ya wizara: bajeti, sheria ndogo na hata uteuzi wa wakubwa ulihitaji idhini ya waziri. Hospitali ziliongezeka na wasimamizi wake wa karibu walipungua.

Kisha ikaja Januari 1971. Juu ya utawala wa Idi Amin pameandikwa mengi, nami nitagusa yale tu yanayohusu mada yetu. Mabaraza ya wilaya yalivunjwa. Mwaka 1973 nchi iligawanywa katika mikoa kumi, Busoga ikawa mkoa mmoja, na magavana wengi walitoka jeshini. Waasia walikuwa wamefukuzwa mwaka 1972, na kati yao walikuwamo madaktari na wauza dawa wengi wa Jinja na Mbale. Waafrika wasomi nao wakaanza kukimbia. Madaktari wa Uganda nzima walikuwa 978 mwaka 1968. Mwaka 1974 walibaki 574. Wafamasia walishuka kutoka 116 hadi 15. Hizo ni tarakimu ambazo kila mwalimu wa historia angefaa kuziandika ubaoni bila maelezo.

Mwaka huo wa 1973 ndio pia ambao Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, baada ya wilaya 12 kukichagua na wilaya 8 kuchagua Kiluganda. Wapenzi wa Kiswahili tunautaja mwaka huo kwa furaha, nami sina budi kuongeza uchungu kidogo katika furaha hiyo. Lugha ilipewa cheo wakati ambapo mabaraza ya kuitumia yalikuwa yamefungwa. Wengi wa wazee wetu walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa mwenye bunduki, na ndiyo sababu hata leo yupo mama ambaye ukimsalimu kwa Kiswahili huinamisha macho kwanza, ajue unataka nini.

Matokeo ya kukosekana kwa macho ya karibu yalionekana Busoga kwa namna ya kutisha. Mashamba ya kahawa na pamba yaliyoachwa wakati uchumi ulipoanguka yalijaa vichaka vya lantana, yale maua mazuri yaliyoletwa kupamba bustani. Mbung'o wakapata kivuli karibu na nyumba za watu. Kazi ya kufyeka na kuwanasa mbung'o, ambayo zamani ilisukumwa na wilaya, haikuwa na mtu. Kuanzia mwaka 1976 malale yalirudi, na katika mwaka 1980 pekee waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 8,000. Kilichokosekana hakikuwa elimu ya ugonjwa, kwani ilikuwako tangu siku za Cook. Alikosekana mtu wa kuuliza kwa nini kichaka hiki hakijafyekwa, na mtu wa kulazimika kumjibu.

Baada ya Januari 1986 yaliundwa mabaraza ya wananchi ya ngazi tano, kuanzia kijiji hadi wilaya, yaliyojulikana kwa herufi R.C., na baadaye L.C. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka mikutano chini ya mti, watu wakipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Mwezi Oktoba 1992 serikali ilitangaza siasa ya kugatua madaraka, na mwaka uliofuata wilaya 13 za kwanza zikaanza kupewa fedha na wafanyakazi wake.

Wakati huo huo lilikuja suala la ada. Mwaka 1990 wajumbe wa bunge la wakati ule walikataa pendekezo la kuwatoza wagonjwa. Wilaya nyingi, zilipopata madaraka, zilianza kuwatoza zenyewe. Fedha zilibaki palepale kituoni, na zikawekwa chini ya kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wajumbe kutoka vijijini. Mwalimu alikuwa karibu kila mara katibu wake, kwa vile alijua kuandika kumbukumbu. Vizazi vya walimu wa nchi hii vimejifunza bei ya chupa ya dawa ya kikohozi kwa njia hiyo.

Nakumbuka mwaka 1996 nikienda na mama kwenye kituo cha gombolola, mdogo wangu akiwa mgongoni mwake na homa. Mama alikuwa na daftari la shule la kurasa 32, kama ilivyo desturi yetu mpaka leo: mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, na humo ndimo mganga huandika ugonjwa na dawa. Daftari alilolichukua lilikuwa langu la hesabu, kurasa za nyuma zikiwa tupu. Ada hakuwa nayo yote. Alibishana na karani kwa muda mrefu, kisha akamtaja mjumbe mmoja wa kamati, jirani yetu, akasema atakwenda kumwita. Karani akapokea alichokuwa nacho. Sisemi kwamba hayo yalikuwa mema. Wangapi hawakuwa na jirani kamatini? Wangapi hawakutoka nyumbani kabisa, wakijua mfukoni hamna kitu? Lakini nguvu ya mjumbe yule ilikuwa ya kweli, kwa sababu posho ya karani ilitoka katika kisanduku ambacho ufunguo wake mmoja ulikuwa kwa kamati.

Wala kamati hazikuwa malaika. Uchunguzi wa vituo kadhaa vya serikali nchini, uliotolewa mwaka 1999, uligundua kwamba sehemu kubwa ya dawa ilipotea kabla ya kumfikia mgonjwa.  Baadhi ya wajumbe wa kamati walikuwa washiriki. Ufunguo wa pili hauzuii wizi iwapo wenye funguo wamepatana.

Hapa nafika kwenye kifungu cha sheria ambacho naona ndicho kiini cha mambo yote. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliorodhesha kazi za wilaya, na katika orodha hiyo zimo huduma za tiba na afya, pamoja na hospitali, "isipokuwa" zile za rufaa na za kufundishia waganga. Neno hilo moja ndilo lililozitenga hospitali za Jinja na Mbale. Zilibaki chini ya wizara, zikapata fungu lao katika bajeti ya taifa na bodi zinazoteuliwa kutoka juu. Sababu yake si ya kipuuzi. Hospitali ya Mbale huwahudumia watu kutoka wilaya nyingi, ile ya Jinja vivyo hivyo, na haingekuwa haki wilaya moja iitawale hospitali inayotumiwa na kumi. Tumekwisha kuona ugomvi wa mwaka 1962. Lakini matokeo yake ni haya: diwani anaweza kumwuliza afisa wa afya maswali kuhusu kituo cha Walukuba au cha Namatala, na afisa analazimika kujibu. Akiuliza juu ya hospitali kubwa, hujibiwa kwa adabu, kama mgeni.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa cheo kuwa majiji. Mabaraza yalipata majina makubwa zaidi, na hospitali za rufaa zikabaki nje ya madaraka yao kama zamani.

Ngazi za chini nazo zilikuwa zikipoteza uzito. Mwezi Machi 2001, siku za uchaguzi wa rais, ada zilifutwa katika vituo vya serikali. Wagonjwa walifurika, uchunguzi mmoja ulikuta mahudhurio yameongezeka kwa zaidi ya nusu, na waliofaidika hasa walikuwa maskini. Yeyote anayetamani ada zirudi na awaulize akina mama kwanza. Hata hivyo kisanduku cha kamati kilibaki kitupu, na kamati isiyo na kisanduku ilianza kukutana mara chache, kisha baadhi hazikukutana kabisa. Mwaka 2005 ikafutwa kodi ya kichwa, iliyochukiwa kwa haki, nayo ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha fedha za wilaya zenyewe. Tangu hapo karibu kila shilingi ya afya imetoka Kampala ikiwa imekwisha pangiwa kazi. Mambo mawili mema kwa mwananchi maskini, na yote mawili yaliondoa mkononi mwake kamba aliyokuwa akiivutia karani.

Mwaka 2009 ulikuwa na mengi kwa pamoja. Fedha za dawa za nchi nzima zilikusanywa katika bohari ya taifa ya dawa, iliyokuwa Entebbe wakati huo, na vidonge vikaanza kupigwa chapa kwamba ni mali ya serikali, haviuzwi. Ikulu iliunda kikosi chake cha kufuatilia dawa na huduma za afya, kilichofika vituoni bila taarifa na kuwakamata watu. Wizara ya Afya ilitoa mkataba wa haki za wagonjwa. Tena Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mikutano ya hadhara katika magombolola, ambapo maafisa husimama mbele ya wananchi na kueleza fedha zimetumikaje. Mikutano hiyo, hata katika hati za Kiingereza, iliitwa "baraza".

Baraza kwa asili ni kile kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba za pwani, ambapo mwenye nyumba na wapita njia huketi wakazungumza kwa usawa. Katika siku za ukoloni neno lilipanda bara likabadilika tabia: bwana wilaya aliitisha baraza, naye ndiye aliyeketi, wengine wakasimama jua kali kusikiliza. Mwaka 2009 Uganda ililichukua tena. Je, ni baraza lipi lililorudi? Katika mikutano niliyohudhuria nimeyaona yote mawili kwa siku moja. Asubuhi afisa husoma tarakimu kwa Kiingereza na watu hupiga makofi. Mchana, wageni wakuu wakiisha kuondoka, mtu mmoja huanza kuuliza kwa Lumasaaba, mwingine anamfasiria kwa Kiswahili jirani yake Mteso, na hapo ndipo habari za kweli hutoka.

Kwamba maswali ya namna hiyo yana faida, si dhana yangu. Kati ya miaka 2004 na 2006 wachunguzi wawili wa uchumi, Martina Björkman na Jakob Svensson, walichukua zahanati 50 katika wilaya tisa za Uganda. Katika nusu yake wananchi walionyeshwa takwimu za kituo chao, wakakutana peke yao, kisha wakakutana na wafanyakazi, wakaandika mapatano. Hawakupewa fedha wala dawa. Baada ya mwaka mmoja vituo hivyo vilikuwa na masanduku ya maoni, kadi za namba kwa wanaosubiri, na orodha za zamu zilizobandikwa ukutani. Matumizi ya vituo yalizidi kwa asilimia 20, na vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja. Miaka kumi baadaye jaribio kama hilo lilirudiwa na wachunguzi wengine katika vituo 376 vya wilaya 16. Safari hii huduma ziliboreka kidogo, lakini vifo havikupungua wala matumizi hayakuongezeka. Wenye elimu hiyo wangali wanajadiliana. Mimi si mtaalamu. Nasema tu kwamba katika muda kati ya majaribio hayo mawili dawa zilikwisha kuhamia Entebbe. Mapatano kati ya mwanakijiji na muuguzi hayawezi kuleta kidonge ambacho muuguzi mwenyewe hana mamlaka ya kukiagiza.

Wala tusidhani kwamba ni Uganda tu inayohangaika na jambo hili. Uingereza, ambako wengi wetu tulifundishwa kutazama kama kielelezo, iliunda mwaka 1974 mabaraza ya afya ya jamii, yenye haki ya kuingia hospitalini na kupinga hospitali isifungwe. Katika nchi ya England mabaraza hayo yalivunjwa mwaka 2003, na tangu hapo kazi yao imekabidhiwa chombo kimoja baada ya kingine.

Palipokosekana baraza, watu walikwenda mahakamani. Mwaka 2011 shirika moja la haki za afya pamoja na jamaa za wanawake wawili waliofariki wakijifungua katika hospitali za serikali walifungua kesi katika Mahakama ya Katiba. Mmoja wa marehemu alikuwa diwani wa wilaya. Mtu aliyechaguliwa aulize maswali kwa niaba ya wengine alilala hospitalini saa nyingi bila kupata wa kumwuliza. Mwaka 2012 mahakama iliitupa kesi, ikisema ni mambo ya siasa yasiyo yake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikairudisha isikilizwe, na mwezi Agosti 2020 ikaamuliwa kwamba serikali ilikiuka katiba kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi. Hukumu hiyo iliwahusu watu wa Mityana na Arua, lakini ni ya nchi nzima, na kwangu inaonyesha urefu wa njia. Swali ambalo diwani wa mwaka 1956 angeliuliza barazani na kujibiwa kabla ya jua kutua lilichukua miaka tisa.

Narudi kwenye tangazo langu. Niliandika "wasimamizi", kama mwenyekiti alivyotaka, kwa herufi kubwa, tukalibandika kwenye mlango wa kituo na kwenye duka la unga. Watu walikuja kuliko tulivyotarajia, wengi wao akina mama, na mimi nikafanywa katibu kama kawaida. Wajumbe walipendekezwa bila ubishi mkubwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi na daftari lake la hospitali limezungushiwa mfuko wa plastiki, alinyanyua mkono.

"Mwanangu," alisema, "hawa tumewaona, ni watoto wetu, wataangalia hapa. Na ile hospitali kubwa ya mjini, ni nani wetu anayeiangalia?"

Mwenyekiti alinitazama. Wajumbe wapya walinitazama. Niliwaeleza kwa kifupi habari za bodi na wizara na sheria ya mwaka 1997, na bibi alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hakuuliza sheria, aliuliza jina la mtu.

Nililiandika swali lake katika kumbukumbu za mkutano, chini ya kichwa "Mengineyo".